Mkono wa nani, juu ya nani: kuwekea mikono katika Kanisa la kale

Katika Matendo ya Mitume mikono inawekwa juu ya wale Saba, wanaume waliochaguliwa kuhudumu (6:6), juu ya Sauli aliyepofuka huko Dameski (9:17), na juu ya waliobatizwa Efeso (19:6). Ishara ni ile ile, kazi ni mbalimbali. Hapa nashika moja tu: kumpa mtu daraja, yaani kumweka awe askofu, padri au shemasi.

Utaratibu wake umeelezwa vizuri katika Mapokeo ya Mitume, maandishi yanayohusishwa na Hipoliti wa Roma, karne ya 3, ingawa wataalamu bado wanabishana kuhusu mwandishi. Kigiriki chake karibu chote kimepotea. Tunayasoma kwa Kilatini, Kikopti, Kiarabu na Kigeezi, lugha ya kale ya Ethiopia.

Askofu huwekwa siku ya Jumapili, akiwa ameshachaguliwa na watu wote. Maaskofu waliopo wanamwekea mikono, mapadri wamesimama tu. Hakuna anayefungua kinywa. Kila mtu anaomba moyoni Roho ashuke. Kisha askofu mmoja, kwa ombi la wote, anamwekea mkono na kuisema sala. Kwa hiyo mikono inawekwa mara mbili, na mara ya kwanza ni kimya kitupu. Wengi hukiruka kimya hicho wakikimbilia maneno ya sala. Kwangu mimi ndicho kiini. Baada ya busu la amani mashemasi wanamletea askofu mpya sadaka, yaani mkate na divai, naye anaiwekea mikono pamoja na mapadri na kuanza kushukuru.

Kwa padri, askofu anamwekea mkono kichwani na mapadri wenzake wanamgusa pia. Usidhani wote wanatoa daraja: padri anatia muhuri tu, yaani anathibitisha, anayetoa ni askofu. Kwa shemasi, mkono ni wa askofu peke yake, kwa kuwa shemasi hawekwi kwa ukuhani bali kwa kumtumikia askofu.

Wengine hawawekewi kabisa. Mjane huteuliwa kwa neno, kwa sababu hatoi sadaka. Msomaji hukabidhiwa kitabu, basi. Anayedai karama ya kuponya haguswi: matendo yenyewe yataonyesha.

Makosa yalijulikana mapema. “Usimwekee mtu mikono kwa haraka,” Timotheo anaambiwa (1 Tim 5:22). Simoni wa Samaria alitaka kununua uwezo huo kwa fedha, na jina lake limebaki katika neno usimoni, yaani kununua daraja. Askofu mmoja kumweka mwenzake faraghani nako kulileta mafarakano. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nisea wa 325, kanuni ya 4, ulidai maaskofu wasiopungua watatu, na wasiokuwepo watoe idhini kwa barua.

Turudi kwenye Mapokeo: kuna hali moja ya ajabu. Aliyefungwa minyororo kwa ajili ya jina la Bwana hawekewi mikono ili awe shemasi au padri. Ungamo lake, yaani kuikiri imani mbele ya watesi, limeshampa heshima ya upadri. Aliyedhihakiwa tu, bila kufungwa wala kutiwa gerezani, anawekewa kama wengine. Na yule wa minyororo, akichaguliwa kuwa askofu, naye lazima awekewe.