Dripu si chakula, na mpira wa puani si wa supu

Saa ya kutembelea wagonjwa ikifika, swali huwa lile lile: "Daktari, mbona hamumpi chakula? Tazama alivyokonda." Mimi si daktari, ni mtaalamu wa lishe wa wadi ya mahututi hapa Mombasa, lakini swali lenyewe lina haki yake. Kijana aliyeanguka na boda boda huingia na mapaja yaliyojaa, na baada ya wiki moja yamenywea.

Aliyefunga akiwa mzima, mwili wake hubana matumizi na kuchoma mafuta. Aliyeumia vibaya mwili wake hufanya kinyume: homoni za dharura hupanda, misuli ikabomolewa ili kupata malighafi ya kuziba vidonda na kupigana na vijidudu. Hata tukimlisha vizuri hatuuzuii ubomoaji wote, tunaupunguza tu. Ndiyo maana tunapenda kuanza kumlisha ndani ya saa 24 hadi 48 tangu aingie wadini. Presha ya damu ikiwa bado inashikiliwa na dawa nyingi isishuke, tunangoja, kwa sababu utumbo usiopata damu ya kutosha unaweza kuharibika ukilazimishwa kazi.

Wengi huona dripu inaning'inia wakatulia. Lita moja ya maji ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 tu za sukari, haizidi kalori 200, na protini haina kabisa.

Chakula chenyewe hupita kwenye mpira unaoingia puani hadi tumboni. Mpira huo tunaupima kuanzia ncha ya pua hadi kwenye sikio, kisha hadi chini ya mfupa wa kifua. Akiwa amevunjika sehemu ya chini ya fuvu tunaupitisha mdomoni, maana puani unaweza kupotea ukaelekea kwenye ubongo. Kabla ya tone la kwanza tunataka eksirei. Mpira ulioingia pafuni hauna msamaha. Kichwa cha kitanda tunakiinua nyuzi 30 hadi 45 ili chakula kisirudi juu.

Baada ya hapo ni hesabu. Mtu wa kilo 70 akikadiriwa kalori 25 kwa kila kilo, anahitaji 1,750 kwa siku, na protini kama gramu 105. Hatumpi zote siku ya kwanza. Tunaanza pengine na mililita 20 za chakula cha maji kwa saa, tukipandisha kwa siku kadhaa. Aliyekuwa hapati chakula cha kutosha hata kabla ya ajali ndiye tunayemwendea polepole zaidi: akishibishwa ghafla, madini ya fosfati na potasiamu hushuka kwenye damu, na moyo unaweza kusimama.

Sasa, supu ya pweza mnayoleta kutoka nyumbani. Pweza ana protini, sikatai, nami mwenyewe naipenda. Lakini mkiitia mpirani kwa sirinji nesi akigeuka, vipande huziba mpira, na kwa joto letu vijidudu huzaana upesi. Madafu nayo yana potasiamu nyingi. Figo zikiwa zimechoka kwa kupoteza damu, bilauri moja ni hatari. Uji mwepesi hujaza tumbo bila kuleta protini ya maana.

Mama, shangazi, njoo na habari badala ya chupa ya chai: alikuwa na uzito gani, amekula mara ya mwisho lini, anatumia pombe au miraa, ana kisukari, kuna chakula kinachomdhuru? Mgonjwa hawezi kunijibu, na kipimo cha leo nakiandika kabla ya zamu kubadilishana.