Anaokota sarafu ya mia, uso wa binti yake haoni

Mzee aliingia kliniki akiwa ameshikwa mkono na binti yake. Mwanajeshi mstaafu, mkaazi wa Bombo hapa Uganda, shati limepigwa pasi, mgongo bado umenyooka. Binti ndiye aliyeanza, na alianza kwa hasira: "Daktari, baba anatuchanganya. Anasema haoni. Jana sarafu ya mia imeanguka chini ya meza, yeye ndiye kaiona wa kwanza. Mimi nikisimama mbele yake ananiuliza, wewe nani?"

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akaelekeza macho yake kwenye sikio langu na kusema: "Mwanangu, mabega yako nayaona. Mikono naiona. Kichwa ndicho hakipo."

Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Mimi ni daktari wa macho, na malalamiko kama ya binti yule nayasikia mara nyingi kutoka kwa watoto na wajukuu wanaowapenda wazee wao lakini wamechoka kutowaelewa. Mzee anaonekana anajifanya. Majirani nao wanasema siku hizi ana maringo, anapita bila kusalimia. Kumbe uso wa mtu kwake umekuwa wingu.

Nyuma ya jicho, kwa ndani, kuna utando mwembamba unaoitwa retina. Kazi yake ni kupokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo, kama filamu ilivyokuwa kwenye kamera za zamani. Katikati ya utando huo kuna sehemu ndogo, upana wake kama milimita 5 tu, inaitwa makula. Hiyo ndiyo inayosoma, inayotia uzi kwenye sindano, inayotofautisha sura ya Hassan na ya Juma. Retina iliyobaki, kubwa kuliko makula mara nyingi, inaona pembeni: mlango uko wapi, boda boda inatoka upande gani, kitu gani kimeviringika sakafuni. Ugonjwa wa makula wa uzeeni unakula katikati na kuacha pembeni. Ndiyo maana mzee anaokota sarafu lakini hamtambui binti yake.

Ugonjwa huu huanza baada ya miaka 50, na hatari huongezeka kadiri umri unavyosonga. Hauumi. Jicho haliwi jekundu wala halitoi machozi. Wakati mwingine mtu anafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, anategemea kuona vizuri, halafu anabaki na wingu lilelile la katikati. Nyumbani wanasema daktari ameharibu jicho. Mara nyingine makula ilikuwa imeharibika tangu kabla ya upasuaji, ila lenzi yenye ukungu iliizuia isionekane vizuri.

Kuna aina mbili. Aina kavu ndiyo ya wengi, karibu wagonjwa 9 katika kila 10. Inakwenda polepole, kwa miaka, chembe za makula zinapungua moja moja. Aina ya pili ni ya majimaji: mishipa midogo ya damu isiyotakiwa inaota chini ya retina na kuvujisha damu na maji. Hii haingoji miaka. Ndani ya siku au wiki chache mtu anaweza kupoteza uwezo wa kusoma. Na aliye na aina kavu leo anaweza kupata ya majimaji kesho, katika jicho hilohilo au jingine.

Hapa naomba msomaji atulie nami. Dalili kuu ya aina ya majimaji ni mistari iliyonyooka kuonekana imepinda. Nondo za dirisha zinaonekana kama zimeyeyuka, fremu ya mlango ina tumbo, maandishi ya gazeti yanapanda na kushuka. Ubaya ni kwamba jicho zima huficha ugonjwa wa jicho bovu, na mtu anaweza kukaa miezi bila kujua. Kwa hiyo ziba jicho moja kwa kiganja, tazama, kisha ziba la pili. Mwaka 1945 daktari wa Uswisi, Marc Amsler, alitengeneza karatasi ya miraba yenye doa katikati kwa ajili ya kipimo hiki. Nyumbani daftari la hesabu la watoto, lile la miraba, linasaidia. Chora doa katikati ya ukurasa, vaa miwani yako ya kusomea, lishike umbali wa sentimita 30 hivi, tazama doa kwa jicho moja. Mistari ikipinda, ikikatika, au pakiwa na shimo jeusi, njoo wiki hiyohiyo. Usingoje mavuno, usingoje mwisho wa mwezi.

Uganda tuna maofisa wa macho waliosomea Jinja, nao wako katika hospitali nyingi za wilaya. Anza kwao, watakupima na kukuelekeza mbele. Madaktari bingwa wako hospitali za Mulago na Mengo mjini Kampala, Ruharo na hospitali ya rufaa huko Mbarara, na upande wa mashariki kuna hospitali ya macho ya Benedictine pale Tororo. Siku ya kupimwa utatiwa matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa utaona ukungu, hivyo njoo na mtu na usiendeshe pikipiki kurudi.

Kwa aina ya majimaji dawa ipo. Ni sindano inayochomwa ndani ya jicho, ya kuzuia mishipa ile isiendelee kuota na kuvuja. Najua neno hilo linavyotisha. Jicho linatiwa ganzi kwa matone, linasafishwa kwa dawa ya ayodini, na wengi husikia kama kusukumwa tu. Mojawapo ya dawa hizo, bevasizumabu, ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya saratani ya utumbo, ikaonekana inasaidia macho kwa gharama ndogo, na tangu 2013 Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa matumizi ya macho. Kwa kawaida huanza na sindano moja kila mwezi, halafu nafasi zinapanuliwa. Anayeacha katikati kwa sababu "sasa naona" ndiye anayerudi akiwa amepoteza zaidi. Na baada ya sindano, jicho likiuma, likawa jekundu na kuona kukapungua, rudi siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili.

Aina kavu haina sindano ya namna hiyo hapa kwetu. Kuna vidonge vya vitamini C na E, zinki, shaba na luteini ambavyo kwa wagonjwa waliofika hatua ya kati hupunguza hatari ya kuzidiwa. Havirudishi kilichopotea, wala havimkingi mtu asiye na ugonjwa huu asiupate. Aliyewahi kuvuta sigara asinywe vile vyenye betakarotini, vimeonekana kuongeza saratani ya mapafu. Chupa zinazouzwa ndani ya mabasi kama dawa ya kila ugonjwa wa macho, ziacheni hukohuko. Tone la kutia juu ya jicho haliiponyi makula, na majani yaliyopondwa yanaweza kuunguza kioo cha jicho ambacho kilikuwa kizima.

Sigara ndiyo adui mkubwa ambaye mtu anaweza kumfukuza mwenyewe. Umri huwezi kuurudisha, damu ya ukoo huwezi kuibadilisha, sigara unaweza kuizima. Pima presha pia. Mboga ya dodo (mchicha), sukuma wiki, mayai na samaki ni chakula kizuri kwa jicho, na hakihitaji duka la dawa. Wenye mzazi aliyeugua wapimwe wakifika miaka 50.

Kuna jambo moja ambalo wagonjwa hawalisemi mpaka uwaulize, tena kwa sauti ya chini. Mama mmoja kutoka Busia alikuwa anaona watoto wamevaa sare za shule, wamekaa kwenye mkeka wake jioni, kimya kabisa. Alijua hawapo. Akiusogelea mkeka wanatoweka. Alipomwambia mwanawe, familia ilitafuta waombezi, halafu mganga, fedha zikaenda. Hakuwa na pepo wala hakuwa amerukwa na akili. Ubongo uliozoea kupokea picha kutoka makula, picha zikikatika, hujichorea zake. Mwaka 1760 mwanazuoni wa Geneva, Charles Bonnet, aliandika habari za babu yake aliyepungukiwa na macho akawa anaona watu na ndege wasiokuwepo, na hali hii inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Washa taa, pepesa macho, yapeleke kulia na kushoto mara kadhaa, picha mara nyingi hufutika. Mgonjwa akianza kusikia sauti au kuamini kwamba watu hao ni wa kweli, hapo aletwe apimwe, maana hilo ni jambo lingine.

Sasa turudi nyumbani, ambako ndiko mgonjwa anakoishi. Kutumia macho hakuyamalizi, asome anavyotaka. Mpe mwanga mwingi unaotoka nyuma ya bega, usiompiga usoni. Posho nyeupe kwenye sahani nyeupe haionekani, mwekee sahani ya rangi nzito. Chai isiyo na maziwa mimina kwenye kikombe cheupe, ile ya maziwa kwenye kikombe cheusi. Paka rangi nyeupe ukingo wa ngazi. Noti azikunje kila moja kwa namna yake: elfu tano mara moja, elfu kumi mara mbili, elfu ishirini kwa urefu. Namba ya siri ya pesa za simu asimtajie wakala. Achague mtu mmoja wa nyumbani anayemwamini, na simu iwekwe maandishi makubwa na sauti ya kusoma. Na kila anayeingia ataje jina lake: "Baba, ni mimi Amina, habari ya kushinda?" Sekunde mbili, na mzee haaibiki.

Mzee wa Bombo tulimfundisha kitu kinachohitaji majuma ya mazoezi. Tulimwambia asimtazame mtu usoni. Atazame juu kidogo, au kando, atafute ile sehemu ya retina iliyobaki nzuri kuliko nyingine, aizoee mpaka iwe ndiyo macho yake. Alifanya mazoezi kwa saa ya ukutani: akitazama tarakimu 12, anaona vizuri zaidi katikati ya saa; akitazama 3, hapana. Kwa hiyo 12 ndiyo njia yake.

Aliporudi baada ya miezi mitatu, daftari la miraba lilikuwa kwenye mfuko wa shati. Alisimama mlangoni, akainua macho juu ya kichwa changu kana kwamba anasoma bango ukutani. Binti yake alikuwa anataka kumwongoza kwenye kiti, akamzuia kwa mkono.

"Daktari," akasema, "umenyoa ndevu."