Majestic ya Vuga: Yanayosemwa na Yaliyokuwa

Siku moja nilikuwa nimekaa Vuga, nikamsikia kijana anayetembeza wageni akiwapitisha mbele ya Majestic, jumba letu la sinema, bila hata kupunguza mwendo. "Hili si la historia," aliwaambia, "twendeni kwenye majumba ya zamani." Yaliniuma maneno yale. Si yeye peke yake anayeamini hivyo, na mengi yanayosemwa barazani kuhusu sinema za Unguja hayako sawa.

"Majestic si jengo la historia"

Tangu Mji Mkongwe uingie kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, tumezoea kuona kwamba ukale ni chokaa, mawe ya matumbawe na milango ya nakshi. Majestic haina hayo. Ilifunguliwa mwaka 1955, na msanifu wake, Dayalji Pitamber Sachania, aliichora kwa mtindo wa Art Deco, usanifu wa mistari iliyonyooka na kona za mviringo, ule ule uliopamba majumba ya sinema ya Bombay kama Eros na Regal. Bahari iliyotuletea nakshi za milango ndiyo iliyotuletea na mtindo huu.

Kiwanja chenyewe kina umri mkubwa kuliko jengo. Hapo hapo ilisimama Royal, sinema ya mwaka 1921, kazi ya John Sinclair, Muingereza yule yule aliyechora jumba la makumbusho la Beit al-Amani pale Mnazi Mmoja. Royal iliungua moto mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Majestic ikainuliwa pahala pake. Kwa hiyo watu walikwenda Vuga kutazama picha kabla babu zetu wengi hawajazaliwa.

"Zilikuwa sinema za Wazungu"

Dhana hii hutokana na jina la Sinclair, lakini aliyechora si aliyemiliki. Fedha zilitoka kwa wafanyabiashara wa hapa hapa wenye asili ya Kihindi, na wao walihitaji watu wa kununua tiketi. Wazungu waliokuwa wakiishi Unguja walikuwa mamia machache tu. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili zake angewajengea hao ukumbi mmoja, sembuse kadhaa.

Afrika Kusini walitenganisha watazamaji kwa rangi. Hapa kilichowatenga ni bei. Mwenye senti chache alikaa mbele kabisa, shingo imeinuka, na mwenye nazo alipanda balkoni. Huo nao ni utengano, na kwa jinsi mali ilivyogawanyika Unguja ya wakati ule, bei na rangi zilikaribiana sana. Siupambi. Lakini picha ilikuwa moja, na stelingi alipomkamata adui, ukumbi mzima ulilipuka kwa makofi, chini na juu.

"Mwanamke wa heshima hakwenda sinema"

Hili nilimuuliza marehemu bibi yangu, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Nani kakwambia? Sisi tulikuwa na yetu!" Na kweli walikuwa nayo. Sinema za Unguja ziliweka maonyesho ya wanawake peke yao, na wake na mabinti ambao hawakuonekana ovyo barabarani walitoka kwa makundi, buibui kwa buibui, na watoto wachanga wakiwa wamepakatwa.

Bibi alikuwa akinisimulia mambo madogo madogo ambayo hayapo katika maelezo ya watembeza wageni. Harufu ya asumini na udi ukumbini taa zinapozimwa. Njugu zilizofungwa kwenye karatasi, zikipitishwa kutoka mkono hadi mkono kwenye safu ya viti. Shoga yake aliyekuwa akiangalia mishono zaidi ya picha, na kesho yake yuko kwa fundi cherehani akimwonyesha kwa vidole jinsi shingo ya gauni la yule mchezaji ilivyokatwa. Wapo waliokatazwa kwenda na baba au waume zao, hilo halifichiki. Ila kusema wanawake hawakuwapo ni kuwafuta nusu ya watazamaji.

"Walitazama tu, Kihindi hawakukijua"

Wengi hawakukijua, kweli. Lakini walizifuata hadithi kwa nyimbo, kwa machozi, kwa aliyekaa jirani na kuzijua kidogo lugha zote mbili. Zaidi ya hapo, walitoka na nyimbo zenyewe. Wapenzi wa taarabu wanajua kwamba tungo kadhaa za Kiswahili ziliimbwa kwa mahadhi yaliyotoka kwenye filamu za Kihindi. Asiyeelewa kitu hakichukui nyumbani na kukitilia maneno yake.

Mapenzi yalikuwa makubwa hadi nakala moja ya picha haikutosha. Filamu nzima hujaa reli nyingi, yaani magurudumu ya mkanda wa picha, na reli ya futi 1,000 huisha kwa dakika kama kumi na moja. Basi picha mpya ilipoingia, reli ikimalizika sinema hii kijana huipakia kwenye baiskeli na kuikimbiza sinema nyingine, ambako watu wamekwishaanza kutazama reli ya kabla yake. Nikizipita njia zile za Malindi na Darajani, zilivyo nyembamba, namwaza kijana yule na kengele yake akiwapigia kelele wapita njia, huku ukumbi mzima unamsubiri.

"Mapinduzi yalizifunga"

Hayakuzifunga. Baada ya 1964 sinema ziliingia mikononi mwa serikali na kuendelea kuonyesha. Sultana ya Malindi ilibadilishwa jina ikawa Cine Afrique, na wanaoikumbuka kwa jina hilo ni wengi kuliko wanaolijua la kwanza.

"Televisheni ndiyo iliyoziua"

Hii ndiyo inayorudiwa zaidi, na tarehe zake hazikubali. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bara ikasubiri hadi 1994. Kama televisheni ndiyo muuaji, sinema zetu zingekufa miaka ishirini kabla ya zile za Dar es Salaam. Haikuwa hivyo. Huku watu waliendelea kupanga foleni, na kule kumbi zilianza kudorora katika miaka ya 1980, kabla televisheni haijafika.

Sababu ni uchumi. Bei ya karafuu ilianguka Indonesia ilipojitosheleza kwa karafuu zake, fedha za kigeni zikakauka, na picha mpya hununuliwa kwa fedha za kigeni. Mashine zikazeeka bila vipuri, viti vikachanika, na picha zikawa zile zile. Kaseti za video zilipoingia, mtu aliweza kutazama picha mpya sebuleni kwa jirani wakati sinema inarudia ya zamani iliyokwaruzika. Nani angemlaumu?

Tangu 1998 tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likitundika skrini Ngome Kongwe, na watu hujaa kwenye ngazi za mawe chini ya nyota. Kutoka pale hadi Majestic ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.