Nanotyubu za kaboni sio chujio la chai

Nimeulizwa hili swali mara nyingi na wanafunzi wanaokuja maabara: nanotyubu za kaboni, yaani mirija midogo mno ya kaboni, zinatenganishaje protini, DNA na dawa? Ngoja niliandike hapa kabisa.

DHANA: nanotyubu inatenganisha protini kwa sababu ni mrija, ndogo inapita ndani, kubwa inabaki nje.

Hapana jamani. Albumini, protini ya damu, ina urefu wa kama nanomita 7 au 8, mrija wa ukuta mmoja una kipenyo cha nanomita 1 hadi 2, sasa itapita wapi? Zipo tando ambazo kweli vitu hupita ndani, ila kwenye kompoziti, yaani nanotyubu iliyounganishwa na kitu kingine, kazi kubwa inafanyika NJE, kwenye ukuta. Ukuta wenyewe ni kaboni iliyopangwa kama sega la nyuki, haupendi maji, kwa hiyo zile sehemu za protini zinazokwepa maji zinajibandika pale, na DNA ya uzi mmoja inajizungusha kwenye mrija kama mtambaa kwenye mti.

DHANA: nanotyubu tupu ndo bora, kompoziti ni kuchakachua.

Ukizitia tupu kwenye maji zinashikana zenyewe kwa zenyewe, unapata mabonge meusi, tikisa mpaka mkono uchoke wapi, na ukijaza kwenye kolamu, lile bomba la kutenganishia sampuli, inaziba presha inapanda. Ndo maana zinabandikwa kwenye silika (madini ya mchanga), au kwenye polima, au zinapewa chembe za oksidi ya chuma. Hii ya chuma mi naipenda sana: una kichupa cha maji meusi tii kama wino, unaweka sumaku ubavuni, muda mfupi tu weusi wote umehamia upande mmoja na maji yamebaki meupe, unavuta na pipeti, bila sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha kwa kasi.

DHANA: inayoshika sana ndo nzuri.

Hapa ndo watu wengi wanakwama. Kushika ni rahisi, KUACHIA ndo kazi. Kimeng'enya kikibanwa sana ukutani kinakunjuka, ukikipata hakifanyi kazi tena. Ukiivika nanotyubu silika, DNA inashika kwenye chumvi nyingi, unaosha na alkoholi, halafu maji yasiyo na chumvi yanaiachia. Na kuna mbinu nzuri zaidi, ukitaka kupima dawa kwenye damu unaivika nanotyubu koti la albumini, protini za damu zikifika zinasukumwa nyuma na hilo koti, ila dawa ni molekuli ndogo inapenya inashika kwenye kaboni. Yaani protini inafukuza protini!

DHANA: ni masizi tu, hayana shida.

Mwaka 2014 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliweka aina moja ya nanotyubu za kuta nyingi (mrija ndani ya mrija), MWCNT-7, kwenye kundi la vinavyoweza kusababisha saratani, nyingine ushahidi haukutosha kuziweka kundi lolote la hatari. Hatari ni vumbi kavu unalovuta, kwa hiyo poda naipimia ndani ya kabati la kuvuta hewa na barakoa ya N95 usoni, meza naifuta kwa kitambaa kibichi, sifagii kabisa.