“Imeshika, Ndiyo Yenyewe”: Dhana Potofu Kuhusu Bolti na Skrubu za Hadtopu ya Land Rover

Kauli ninayoisikia gereji kuliko salamu ni hii: “Fundi, imeshika, ndiyo yenyewe.” Mteja kaokota bolti Gerezani, mtaa wa vipuri wa Dar es Salaam, kaizungusha kwa vidole kwenye nati ya hadtopu (paa gumu linalovuliwa) ya Land Rover 109 ya marehemu babu yake, imeingia mizunguko mitatu, basi kwake shughuli imekwisha. Tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha mwaka 2024 wateja wa namna hii wameongezeka. Uvumilivu wangu ndio umepungua. Nayaandika haya ili atakayeuliza tena nimtumie asome, mimi niendelee na kazi.

Dhana: Nati ikishika, hiyo ndiyo saizi yake

Kushika si ushahidi wa kitu chochote. Land Rover ya kwanza, Series I, ilitoka mwaka 1948 ikiwa imefungwa kwa bolti za Kiingereza za zamani: BSF kwenye bolti za kawaida, BA kwenye skrubu ndogo. Series II ilipokuja mwaka 1958, UNF ilikuwa ndiyo imetawala, mfumo wa inchi ambao Marekani, Uingereza na Kanada walikubaliana mwaka huohuo wa 1948. Sasa wewe nenda dukani leo uombe “bolti ya kumi”, yaani ya spana namba kumi. Utapewa M6, ya milimita, kwa sababu ndiyo iliyojaa kwenye madebe yao. Hizo ni koo tatu tofauti, na hazioani.

Tuangalie bolti ya robo inchi UNF, ambayo kwenye hadtopu ya Series II na III utakutana nayo kila unapogeuka. Unene wake ni milimita 6.35, na ina meno 28 kwa kila inchi. M6 ina unene wa milimita 6, na jino hadi jino ni milimita 1, yaani meno kama 25 tu kwa inchi. Ukiiweka M6 kwenye nati ya robo inchi inaingia bila kelele, kwa kuwa ni nyembamba. Lakini inashikilia kwa ncha za meno tu, na kila mzunguko meno yanazidi kupishana. Mteja anaiona imekaa, mimi najua haijakaa. Safari moja ya barabara ya vumbi inatosha: paa linatetemeka, ncha zinalika, nati imekufa. Na baadhi ya nati hizo zimejificha mahali ambapo spana haifiki, kwa hiyo kubadilisha nati ya bei ya maandazi mawili kunamaanisha kuifumua kona nzima ya paa.

Kwenye saizi inayofuata kosa linageuka. 5/16 UNF ina milimita 7.94, M8 ina milimita 8. Jicho haliwezi kuona tofauti ya sita kwa mia ya milimita. Ila meno ni 24 kwa inchi upande mmoja, na kama 20 upande wa pili. Hapa bolti haitelezi kuingia, inakaza baada ya mizunguko miwili. Ndipo kijana anachukua spana ndefu, kwa imani kwamba kukaza maana yake ni kushika vizuri.

Skrubu ndogo zinazoshika taa na mapambo ndizo mbaya kuliko zote. 2BA ina unene wa milimita 4.70, namba 10 UNF ina 4.83, M5 ina 5.00. Jino hadi jino ni 0.81, 0.79 na 0.80. Hata mwenye venia, kile kifaa cha kupimia unene, anadanganyika hapo, hasa skrubu ikiwa imelika kwa umri. Wanachotofautiana waziwazi ni pembe ya jino: BA ni nyuzi 47.5, hizo nyingine mbili ni nyuzi 60. Pembe hiyo huioni kwa macho, lakini nati inaihisi. Skrubu ya 2BA itapita kwenye nati ya M5 mwanzo hadi mwisho, na mteja atashangilia. Itikise sasa: inacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

Kwa hiyo kipimo sahihi ni hiki, na wanagenzi wangu wanakijua kwa moyo: bolti iingie kwa vidole mpaka mwisho, na ikiwa ndani isichezecheze. Vyote viwili. Kimoja bila kingine, itoe.

Nina kitu ninachomlazimisha kila anayefufua gari la zamani akitengeneze kabla hajagusa spana: kamba ya nati. Tafuta nati moja moja ambazo una hakika nazo, robo inchi UNF, 5/16 UNF, namba 10, 2BA, M5, M6 na M8, zifunge kwenye waya, kila moja na kibandiko chake. Bolti usiyoijua unaipitisha kwenye kamba nzima. Ni dakika moja tu. Geji ya meno ni nzuri pia, lakini kwenye hizi ndogo kamba haijawahi kunidanganya.

Vichwa navyo vinasema, kwa anayevitazama. Bolti nyingi za UNF za Kiingereza zina vijiduara vitatu vilivyoungana vilivyochongwa kichwani. Ukiona 8.8, hiyo ni ya milimita. Robo inchi UNF inataka spana ya 7/16, ambayo ni milimita 11.11, spana ya 11 haiingii, ya 12 inazunguka bure. 5/16 inataka spana ya nusu inchi, milimita 12.7, na spana ya 13 inaivaa kwa kulegea hadi inakula pembe zote. Nikikuta bolti ya paa imekuwa duara, najua fundi aliyepita alikuja na boksi moja la spana.

Tafadhali usiniambie “si upitishe tepu ya M6 tu”, yaani kile chombo cha kuchonga meno ndani ya tundu. Tundu la nati ya robo inchi tayari lina kama milimita 5.5 ndani, wakati tundu la kuchongea M6 linatakiwa liwe milimita 5. Utachonga nini, hewa?

(Wenye MG TD, lile gari la michezo la Kiingereza la zamani, poleni zaidi. Injini yenu ina meno ya milimita lakini vichwa vinavyotaka spana za Whitworth, saizi za Kiingereza za zamani, kwa sababu kampuni ya Morris ilikuwa imenunua kiwanda cha Hotchkiss, kampuni ya Kifaransa, pale Coventry mwaka 1923 pamoja na mashine zake. Kwenu hata kamba yangu haitoshi.)

Dhana: Bolti niliyoifungua ndiyo ya asili, nitafutie kama hii

Gari lina miaka hamsini. Limepita mikononi mwa misheni, halmashauri, mfanyabiashara wa mkaa na shemeji wa mtu. Sampuli moja haitoshi. Fungua zote za mstari huo, zilinganishe, kisha fungua kitabu cha vipuri cha toleo lako na utafute kwa namba ya chesi. Bolti inayovaa spana ya kumi barabara kwenye paa la Series III ni mgeni.

Dhana: Stenlesi ndiyo bora kila mahali

Bodi ya Land Rover ni Birmabright, aloi ya alumini. Ukiifunga kwa stenlesi tupu halafu ukaishi Tanga, Bagamoyo au Unguja, unyevu wa chumvi unazifanya metali hizo mbili kuwa betri, na inayoliwa ni alumini. Utauona unga mweupe ukitoka kuzunguka washa (kipete cha chini ya kichwa cha bolti) na rangi ikivimba. Chuma kilichopakwa zinki kina ukaribu zaidi na alumini, na ndicho kiwanda kilichotumia. Kama moyo wako umeipenda stenlesi kwa kung’aa kwake, weka washa ya plastiki chini ya kichwa na upake Duralac, dawa ya kuzuia metali kulana, kwenye meno. Nati na bolti zote zikiwa stenlesi zipake grisi, vinginevyo zitang’ang’aniana siku ya kufungua na utazikata.

Dhana: Bisibisi ya nyota ni moja

Si moja. Phillips na Pozidriv zinafanana kwa mbali tu. Pozidriv ina vistari vinne vyembamba kati ya mikono ya msalaba. Mwenye Datsun ana aina ya tatu, ya Kijapani. Tumia isiyofaa utaukomba msalaba, kisha utaniletea niitoboe.

Dhana: Skrubu ndefu inashika zaidi

Kwenye silingi ya paa, skrubu ndefu inakwenda kugonga bati la nje kutokea ndani. Ukishaona kipele juu ya paa lililotoka kupigwa rangi, umechelewa. Pima urefu wa ile fupi.

Dhana: Paka silikoni, paa halitavuja wala kulegea

Kinachozuia maji kati ya paa na ubavu ni raba, na raba inafanya kazi ikibanwa sawasawa na bolti za saizi yake. Silikoni inayonuka siki inatoa asidi wakati inakauka, na asidi hiyo inaanza na zinki ya bolti zako. Tena hadtopu ilitengenezwa ivuliwe. Nimeletewa moja iliyogandishwa pande zote nne, mwenyewe anataka kuvua paa aende mbugani wikiendi hiyohiyo. Tuliikata kwa waya siku nzima, raba ikaharibika yote, na gharama ya raba mpya ilizidi ile ya bolti zote za gari.