Kodi ndogo, gharama kubwa: tunayoaminishana kuhusu kupanga mjini

Ukimwambia mtu umepata chumba, atakuuliza unalipa kodi kiasi gani. Ni nadra akuulize unafika kazini saa ngapi, au waya za umeme zina hali gani. Ndiyo maana wengi wenye mshahara mdogo wanahama kila baada ya miezi michache, na kila kuhama ni gharama mpya ya dalali na ya kubeba vyombo.

Dhana: Kodi ikiwa ndogo, nyumba ni nafuu

Kodi ni sehemu tu ya bei ya nyumba. Nyingine unailipa kidogo kidogo: nauli, maji ya kununua bomba likikauka, dawa za kifua. Gawa mshahara wako mafungu 100. Tuseme chumba cha pembezoni kinachukua mafungu 20 na nauli 18, na kilicho karibu na kazi kinachukua 30 na nauli 4. Kile cha "bei rahisi" kimeshameza 38, cha "bei ghali" 34.

Na muda je? Saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, kwa siku 22 za kazi, ni saa 66 kwa mwezi. Hizo ni zaidi ya siku nane za kazi, umezimalizia barabarani, pengine umesimama. Sisemi kila anayeishi mbali amekosea. Wapo waliopiga hesabu wakaona panalipa, hasa penye treni au basi la uhakika. Ila ijaribu njia yenyewe kabla hujalipa, siku ya kazi, saa ileile utakayokuwa ukitoka. Safari ya Jumapili mchana haitakuonyesha foleni.

Dhana: Kodi isipozidi theluthi ya mshahara, huna shida

Kipimo hiki kina historia. Mwaka 1969 nchini Marekani, marekebisho ya sheria yaliyobeba jina la Seneta Edward Brooke yaliweka kikomo kwa wapangaji wa nyumba za umma: kodi isizidi asilimia 25 ya kipato. Mwaka 1981 kikomo kikapandishwa hadi asilimia 30. Kiliwekwa kumkinga mpangaji asikamuliwe. Siku hizi watu wanakichukua kama ruhusa ya kufika hapo.

Mwenye mshahara mnono akitoa asilimia 40 bado anabaki na pesa ya maana. Wa kipato kidogo akitoa 25 anaweza kukosa ada ya mtoto. Anzia upande wa pili: toa chakula, nauli, ada, matibabu, msaada kwa ndugu na akiba, hata ikiwa kiduchu. Kinachobaki ndicho uwezo wako wa kodi. Najua kinauma kukitazama, lakini afadhali kiume leo kwenye karatasi kuliko mwezi wa tatu mwenye nyumba akiwa mlangoni.

Dhana: Mtaa wenye jina zuri ndio salama

Tukitaja usalama tunafikiria wezi. Lakini hatari nyingine huwa mle mle ndani. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Jiko la mkaa likiachwa linawaka kwenye chumba kisichopitisha hewa, gesi hiyo inaweza kuwaua waliolala bila hata kuwaamsha. Nondo za dirishani nazo zinamzuia mwizi, sawa, ila zikiwa zimechomelewa moja kwa moja na mlango ni mmoja, siku ya moto utatokea wapi? Tafuta zenye kipande kinachofunguka kwa ndani.

Niliwahi kukipenda chumba kwa sababu ya rangi. Kuta tatu zilikuwa na rangi ya zamani. Wa nne ulikuwa umepakwa nyeupe mpya, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Sikujiuliza kwa nini rangi iishie kiunoni. Mvua za kwanza zilipoanza, ile nyeupe ilivimba kama lengelenge, ikabanduka vipande vipande, na nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi kwa ukungu. Nilikohoa miezi miwili.

Tangu hapo sikagui chumba kwa macho peke yake. Naweka kiganja ukutani, chini, karibu na sakafu. Nanusa kona. Nafungua bomba zote kwa pamoja nione maji yanatoka kwa nguvu gani. Natazama soketi: yenye weusi pembeni au inayopata moto ni ya kumwita fundi kabla ya kuhamia. Halafu narudi usiku, natembea kutoka kituoni hadi mlangoni nione kama kuna taa na watu njiani. Mwisho namuuliza mpangaji aliyepo, wala si dalali: aliyetoka chumba hiki alihama kwa nini?

Dhana: Usipolipa leo, kinachukuliwa

Kweli, vyumba vizuri vinawahiwa. Ila anayetaka pesa kabla hujaingia ndani mwache aende. Matapeli hukipangisha chumba kimoja kwa watu kadhaa, na haraka ndiyo silaha yao. Thibitisha mwenye nyumba ni nani, kwa hati na kwa majirani, na ulipe kwa njia inayoacha kumbukumbu.

Dhana: Tunaaminiana, mkataba wa nini?

Hapa wanaochangia nyumba ndio huumia zaidi. Kuchangia ni njia nzuri ya kupunguza kodi, wala si aibu, lakini jina likiwa la mmoja tu kwenye mkataba, wengine siku wakikosana hawana pa kushika.

Amana nayo ni pesa yako iliyowekwa dhamana. Ujerumani, sheria haimruhusu mwenye nyumba kudai amana inayozidi kodi ya miezi mitatu, na mpangaji anaweza kuilipa kwa awamu tatu. England na Wales, tangu 2007 amana za upangaji wa kawaida lazima ziwekwe kwenye mpango rasmi wa kuzilinda. Uliza sheria ya unakoishi inasemaje. Na siku ya kukabidhiwa funguo, kabla hujaingiza hata godoro, piga picha kila ukuta, kila ufa na namba ya mita ya umeme, umtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo.