Mikono ya bondia haisajiliwi polisi

Ujumbe huu unazunguka tena kwenye magrupu ya Mtwara, Masasi hadi Nachingwea: eti bondia akishatwaa ubingwa wa dunia, mikono yake husajiliwa polisi kama silaha, na akimpiga mtu mtaani ni sawa na kutumia bastola.

Si kweli. Sheria yetu ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inahusu bunduki, bastola na risasi. Ngumi za mtu hazimo. Ipo mtandaoni, isome, au uliza kituo cha polisi kilicho karibu nawe.

Mkanganyiko, nadhani, unatokana na leseni. Bondia wa kulipwa anayo kweli, na hupimwa afya na uzito kabla ya pambano, lakini leseni hiyo ni ya kupanda ulingoni tu. Akimpiga mtu mtaani hushtakiwa kwa shambulio au kujeruhi, kama mimi na wewe. Mahakama inaweza kuzingatia ujuzi wake, nalo hilo si usajili.

Vijana wetu wanaojifunza ngumi wasitishwe bure. Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.